Kadi Tunayo, Miwani Iko Wapi?

Wahenga walisema, "Mwenye macho haambiwi tazama." Mimi sithubutu kubishana na wahenga, maana waliona mengi kuliko sisi. Lakini naomba nafasi katika gazeti letu hili niulize swali dogo. Je, yule ambaye macho anayo, na kila siku anaambiwa tazama, naye anatazama kwa bidii zake zote lakini haoni, tumfanyeje? Watu wa namna hiyo wamo katika shule yetu. Mimi nilikuwa mmoja wao kwa miaka miwili na zaidi, wala sikujijua.

Nilipoingia Kidato cha Kwanza nilipangiwa kiti cha nyuma kwa sababu ya urefu wangu. Maandishi ya ubaoni niliyaona kama chokaa iliyonyeshewa mvua. Sikushangaa, kwa kuwa nilidhani watu wote huona hivyo, na kwamba wenzangu husoma kwa kukisia kama mimi. Nilikuwa nikinakili kutoka daftari la jirani yangu. Akikosea yeye, nami nilikosea. Akiugua, somo langu la siku ile limekwisha. Mwalimu wa Hisabati aliponisimamisha nisome swali lililoandikwa ubaoni nilinyamaza kimya, naye akadhani mimi ni mvivu. Simlaumu hata kidogo, maana hata mimi mwenyewe nilikwisha kukubali kwamba ni mvivu.

Aliyenigundua si mwalimu wala mganga, bali mjomba wangu, mvuvi wa Kilwa Kivinje. Likizo moja, nikiwa Kidato cha Tatu, tulikuwa pwani tunashona nyavu. Akaniambia, "Mpwa wangu, hebu nitazamie jahazi lile linaloingia. Tanga lake ni jipya au ni lile la zamani?"

Nikamwuliza, "Jahazi lipi, mjomba?"

Akacheka, akidhani namfanyia mzaha. Halafu akaacha kucheka. Akaenda hatua kama ishirini, akanyanyua mkono, akaniuliza ni vidole vingapi. Sikuweza kumjibu. Jioni ile akamwambia mama yangu, "Dada, usimgombeze tena mtoto kwa ajili ya alama zake. Mtoto huyu haoni. Mpeleke akapimwe macho."

Basi hapo ndipo ilipoanza safari ambayo nataka kuieleza, kwa kuwa naamini si yangu peke yangu.

Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa hiyo ni mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mfuko huu uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa serikali hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake kila mwezi, na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Kwa fedha hizo hutibiwa yeye, mwenzi wake, na wanaomtegemea wasiozidi wanne. Huduma za macho pamoja na miwani zimo katika mafao ya Mfuko huo. Kwa hiyo mama alipoisikia habari ya mjomba hakuona shida. Alisema, "Kadi ninayo, na kila mwezi nakatwa. Tutakwenda, utapimwa, utapewa miwani, utarudi shuleni." Mimi nami nilifurahi, nikadhani jambo limekwisha.

Kwanza tulikwenda hospitali moja ya serikali. Huko tulipokelewa kwa heshima, na kadi ikakubaliwa bila neno. Nikapimwa, nikaandikiwa karatasi yenye namba za lenzi, jicho la kulia namba yake na la kushoto namba yake. Mpimaji akasema, "Huyu macho yake ni mazima, hayana ugonjwa. Anahitaji miwani tu. Lakini miwani yenyewe hatutengenezi hapa. Tafuteni duka linalopokea bima."

Hapo ndipo tulipojua kwamba kupima macho ni jambo moja, na kupata miwani ni jambo jingine. Tulisafiri mpaka mji mwingine tulikoambiwa kuna maduka. Duka la kwanza walituambia hawapokei kadi hiyo, ila wanauza kwa fedha taslimu, wakatutajia bei. Mama akakataa, akasema, "Nilipe mara mbili kwa nini, nami nimekwisha kukatwa?" Duka la pili walipokea kadi, lakini mtaalamu wao huja siku moja tu katika juma, na siku hiyo ilikuwa imepita jana. Mahali pa tatu walituambia sharti kwanza tupate kibali, na kwamba kibali chenyewe hakitolewi pale. Jioni ikatukuta stendi, tuna kadi, tuna karatasi ya vipimo, na miwani hatuna.

Mwisho nilipata miwani Dar es Salaam, wakati wa likizo ya Desemba. Kutoka Nangurukuru hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 300. Tulilala kwa shangazi yangu siku tatu. Miwani ilitolewa kwa bima, mama hakulipa hata senti moja dukani. Lakini tulipokuwa ndani ya basi tunarudi, alitoa kalamu akapiga hesabu: nauli ya watu wawili ya safari zote, chakula, na siku alizoomba ruhusa kazini. Hesabu ile ilizidi bei tuliyotajiwa katika duka la kwanza. Mama akakunja karatasi akaitia mkobani, hakusema neno. Mimi nilikuwa dirishani nahesabu minazi, mmoja mmoja, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Sasa nataka kusema maoni yangu. Watu wengi wakizungumza habari za bima ya afya huuliza: nani anayo kadi na nani hana? Swali hilo ni la haki. Lakini mimi naona liko swali la pili, nalo ni hili: mwenye kadi akatumie wapi? Bima hulipa miwani, lakini hailipi barabara. Kama anayeipokea kadi yuko mbali kuliko uwezo wa nauli yako, basi kadi hiyo ni sawa na ndoo nzuri mahali pasipo na kisima.

Jambo hili litakuwa kubwa zaidi siku zijazo. Mwezi Novemba 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nia ya sheria hiyo ni kwamba kila mkaaji wa nchi hii awe na bima, mvuvi na mkulima wa ufuta sawasawa na mtumishi wa serikali. Hilo ni jambo jema kabisa. Lakini wakati kila mtu wa Kilwa, wa Lindi na wa Mchinga atakapokuwa na kadi, hapana budi pawepo mahali pa karibu pa kuionyesha. Wenye kadi wakiongezeka na wapimaji wasiongezeke, tutakuwa tumerefusha foleni tu.

Wengine watasema, "Miwani ni pambo la wasomi na watu wa mijini. Tuna malaria, tuna kipindupindu, tuna wajawazito, miwani isubiri." Nawajibu kwa adabu kwamba miwani si jambo la jana. Ilianza kutengenezwa Italia mwishoni mwa karne ya 13. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani na ambaye alimpokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, aliishi katika zama hizo hizo. Kwa maneno mengine, miwani na Husuni Kubwa ni kama ndugu wa umri mmoja. Husuni Kubwa imebaki magofu, nayo watalii huja kutoka mbali kuitazama. Lakini miwani bado haijamfikia mtoto wa Kilwa aliye darasani.

Tena miwani si pambo. Sisi wanafunzi wa Fizikia tunajua sababu. Kwa mtu asiyeona mbali, aghalabu mboni yake ni ndefu kidogo kuliko kawaida, na kwa hiyo mwanga hukutana kabla ya kulifikia pazia la nyuma ya jicho. Picha inakuwa na ukungu. Dawa ya matone haiwezi kuliondoa jambo hilo, wala karoti, wala kunawa kwa maji ya bahari. Linalotakiwa ni lenzi mbonyeo, ambayo huusogeza mwanga nyuma mpaka mahali pake. Ni kipande cha kioo au plastiki, basi.

Na faida yake imepimwa. Nchini China, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2014 na uliofanywa katika shule za msingi 252, watoto wasioona mbali waliopewa miwani bure walipata alama za Hisabati zilizo bora kuliko wenzao ambao hawakupewa. Hawakuongezewa mwalimu, hawakuongezewa vitabu. Waliongezewa miwani tu. Wala si watoto peke yao. Huko Assam, India, wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi walipewa miwani ya kuonea karibu, na katika taarifa ya mwaka 2018 ikaonekana kwamba uchumaji wao uliongezeka kwa zaidi ya asilimia 20 kuwapita wasiopewa. Wazazi wetu wanaobangua korosho, wanaopepeta ufuta na wanaoshona nyavu wafikirie habari hiyo. Mzee asiyeweza tena kutunga uzi katika sindano si lazima awe amekwisha kazi. Huenda amekwisha macho ya karibu tu, nayo yana dawa.

Nataka pia kuwa mwadilifu kwa wenye maduka. Mwenye duka naye ana lake. Katika mji mdogo wateja wake ni wachache, mashine za kupimia ni ghali, na bei ya bima hupangwa na Mfuko, si na yeye. Ugomvi wa bei si mdogo: kitita kipya cha mafao kilipoanza tarehe 1 Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi nchini zilisitisha kwa siku kadhaa kuwahudumia wenye kadi, mpaka mazungumzo yakafanyika. Kama hospitali kubwa zilisita, tutashangaaje duka dogo kusita? Kadhalika wapimaji wenyewe si wengi. Mtaalamu wa optometria si daktari bingwa wa macho, wala si muuza miwani. Ni mtu aliyesomea kupima uwezo wa macho na kuandika lenzi inayofaa. Husomea mahali kama KCMC kule Moshi, na kazi yake inasimamiwa na Baraza la Optometria kwa sheria ya mwaka 2007. Akimaliza masomo, ni nani atakayemvuta kuja pwani yetu, ikiwa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza zinamwita?

Kwa hiyo sitaki kulaumu tu. Kulaumu ni rahisi, hata mtoto wa Kidato cha Kwanza anaweza. Nataka kusema tunaloweza kulifanya sisi wenyewe, na tunaloweza kuwaomba wakubwa.

La kwanza ni la shule. Kila mwezi wa Januari, wanafunzi wapya wanapoandikishwa, wapimwe macho kabla ya kupangiwa viti. Haihitaji mashine. Inahitaji chati ya herufi, namna ile iliyobuniwa na daktari Snellen wa Uholanzi mwaka 1862, na kamba ya mita 6. Mwanafunzi husimama mwisho wa kamba, hufunika jicho moja, husoma, kisha hufunika la pili. Asiyeweza kusoma mstari wa 6/12, yaani anayelazimika kusogea mpaka mita 6 ili aone kile ambacho jicho zima hukiona kutoka mita 12, jina lake liandikwe ili apelekwe kwa mpimaji. Mwalimu yeyote aweza kufundishwa kazi hii katika muda mfupi, na wanafunzi wawili wakamsaidia. Kama ningalifanyiwa hivyo siku yangu ya kwanza hapa, ningalipata miaka miwili ambayo sasa siwezi kuipata tena.

La pili ni la ofisi ya shule pamoja na wazazi. Tuweke katika ubao wa matangazo orodha ya mahali panapopimwa macho katika mkoa wetu na mikoa jirani. Mbele ya kila mahali paandikwe mambo manne: ni kadi gani inayopokelewa, mpimaji yupo siku zipi, miwani yenyewe hutolewa pale pale au ni kupima tu, na ni karatasi gani zinazotakiwa, kama vile barua ya rufaa, kibali au kitambulisho. Ofisi za bima zinayo orodha ya vituo vilivyosajiliwa, lakini mzazi asitosheke na kuuliza, "Je, mnatibu macho?" Aulize, "Je, miwani mnatoa kwa kadi hii, na lini?" Apige simu kabla hajapanda basi. Mama yangu na mimi tungaliuliza maneno hayo manne, tungaliokoa safari mbili nzima. Na kila mzazi atakayerudi kutoka huko atueleze alilolikuta, ili orodha irekebishwe. Orodha ya mwaka juzi inaweza kumpoteza mtu kuliko kukosa orodha.

La tatu ni ombi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa wakubwa wa bima. Badala ya wanafunzi ishirini kumfuata mpimaji mmoja, mpimaji mmoja awafuate wanafunzi ishirini. Ni hesabu nyepesi. Mara moja katika kila muhula mpimaji aje hapa shuleni na vifaa vyake, na siku hiyo waitwe pia watoto wa shule za msingi za jirani na wazee wa vijiji. Wenye kadi wapimwe kwa kadi, na vibali vyao vikusanywe pamoja vishughulikiwe mara moja. Vipimo vipelekwe mjini, na miwani iliyokwisha kutengenezwa iletwe kwa basi, kama yanavyoletwa magazeti na vipuri vya pikipiki. Mtu hahitaji kusafiri. Karatasi yenye namba ndiyo itakayosafiri.

Nasema hivi kwa kuwa barabara yetu ni moja, na tunaijua. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, mvua ilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi upande wa Somanga, na wasafiri wakakwama pande zote mbili. Mgonjwa anayetegemea Dar es Salaam, siku hiyo afanyeje? Na mbali na barabara, wako wenzetu wa visiwani. Mwanafunzi wa Songosongo au wa Songo Mnara kabla hajafikiria basi ana bahari ya kuvuka. Kwake yeye safari ya miwani huanza na mashua na upepo.

Kwa wenye Mfuko wa Afya ya Jamii yako mengine ya kufikiriwa. Mfuko huo ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita huku mikoani ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, ikatibiwa kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa kwa utaratibu wa rufaa. Kwa fedha hizo mtu hawezi kutarajia kila kitu. Lakini wakati serikali inapopanga mafao ya bima ya wote, naomba watazamaji wa mambo hayo wakumbuke miwani ya mtoto wa shule. Si jambo la gharama isiyo na mwisho. Mtu hapewi kila juma. Jozi moja humtumikia kwa mwaka au zaidi, na katika mwaka huo husoma vitabu vyote.

Jambo la nne ni letu sisi wanafunzi, nalo halihitaji shilingi hata moja. Tuache kuwaita wenzetu "macho manne", "babu" na "profesa". Namjua mwanafunzi mmoja aliyepata miwani kwa taabu ya wazazi wake, na leo ameifungia sandukuni bwenini kwa sababu ya mzaha wa juma la kwanza. Mzaha huo ni wa dakika moja, lakini hasara yake ni ya maisha. Pia asiyeona ubao na aseme. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha bila kujua. Wewe unayejua, unaficha kwa faida ya nani? Mwambie mwalimu wa darasa akuweke mbele wakati unatafuta njia. Na wewe uliye na kadi ya mzazi, usidhani kwamba umepitwa na wakati: mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba umri wa mtoto kutumia bima ya mzazi upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Itumie kabla haijakwisha.

Tena jihadharini na miwani ya kutembezwa mikononi stendi na gulioni. Kwa mzee anayetaka kusoma karibu huenda ikamfaa kidogo, lakini kwa kijana asiyeona mbali haimfai, kwa kuwa lenzi zake ni za namna nyingine kabisa, na macho mawili aghalabu hayalingani namba.

Nimesema mengi ya nafsi yangu, lakini si kwa ajili yangu nimeandika. Mimi miwani ninayo. Yuko mwenzangu katika darasa letu, mtoto wa mvuvi wa kisiwani, ambaye macho yake ni kama yangu yalivyokuwa. Nyumbani kwao hawana kadi ya bima yoyote. Wakati wa kujisomea usiku, mwalimu akiacha maswali ubaoni, hunigusa bega akaniambia, "Kaka, niazime macho." Namvulia, anavaa, anaandika haraka haraka, kisha ananirudishia. Namba zangu si zake, naye husema kichwa humuuma. Lakini husema pia kwamba ni afadhali kichwa kiume kuliko daftari kuwa tupu. Wakati yeye amevaa, mimi nakaa nangoja, maana kwangu ubao umerudi kuwa chokaa iliyonyeshewa mvua.

Mwezi wa Novemba sisi sote wawili tutakaa katika Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne. Karatasi za mtihani huwa mbele ya mtu, mezani, na yeye karibu anaona vizuri. Kwa hiyo siku ile hatahitaji kuniazima. Lakini yale ya kujibu katika karatasi yalikuwa yameandikwa ubaoni kwa miaka minne.

Wakubwa wetu wa shule, wazazi wetu, na waganga wetu: tunaomba chati moja, kamba ya mita 6, orodha moja ukutani, na mpimaji mmoja mara moja kwa muhula. Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni bora na ayalete katika toleo lijalo, nami nitayasoma kwa furaha.